Mchumba yuko Moshi kwa viza ya utalii na siku zinaisha, tufunge ndoa sasa au arudi kwanza?

Dada wa Pasua

Habari za saa hizi wapendwa. Naombeni ushauri kwa wenye uelewa, maana huku mtaani kila mtu ananiambia lake na kichwa kinaniuma. Nina mchumba Mwingereza, tunajuana muda sasa sio mambo ya jana, na safari hii kaja Moshi kwa viza ya kawaida ile ya dola 50, kashukia uwanja wa ndege wa KIA wakamgongea siku 90. Zimebaki wiki chache tu. Nyumbani ameshafika, barua ya posa ilipelekwa, mshenga tulimpata mzee mmoja wa usharika wetu, wazee wakakaa wakanywa mbege wao wakaridhika, yani upande wa familia hakuna shida kabisa. Shida imeanza baada ya hapo. Mama anataka tufunge ndoa kabla hajapanda ndege, anasema mwanaume akishavuka bahari utamsubiri mpaka uote mvi. Mimi nampenda na ndoa naitaka, ila sitaki tukimbizane na tarehe ya viza halafu tujikute tumeharibu.

Maswali yangu ni haya. Tukifunga ndoa bomani sasa hivi, anaruhusiwa kubaki hapa kwa sababu ana mke Mtanzania au lazima aondoke tu? Na kama tukiamua kuishi kwao, naweza kuomba viza ya kutembea nikaenda tukafungia ndoa huko huko nikabaki? Kuna jamaa pia kamwambia avuke tu mpaka wa Kenya pale Holili aingie Taveta kidogo arudi agongewe siku nyingine 90, hilo nalo likoje? Kwao ana kazi nzuri, amechukua likizo bila malipo, na sa hivi ameanza kusema ataandika barua ya kuacha kazi ili tusitengane. Asubuhi huwa anaenda kufundisha watoto mpira kwenye kituo kimoja cha yatima, bure, hapokei hata mia. Naomba mnijibu kwa upole jamani, ni maisha yangu haya.

Msafiri wa Himo

Hongera sana dada. Mi nakushauri usijitese, omba viza ya kutembea nenda nayo, ukifika mnafunga ndoa kisha mnabadilisha karatasi huko huko. Binamu yangu yuko Marekani alifanya hivyo hivyo, alienda kutembea akaolewa na raia, sasa hivi ana grin kadi na anafanya kazi zake. Kurudi nyumbani kusubiri ubalozi ni kupoteza muda.

Mama Njiro

Mdogo wangu hongera kwa posa na pole kwa presha. Mimi niko Arusha, nimeolewa na Mholanzi na tuliamua kuishi hapa hapa, kwa hiyo nakujibu upande wa Tanzania, wa Uingereza watakuja wanaojua.

La kwanza kabisa kabla hata ya ndoa, mwambie shemeji kesho asubuhi asiende kituoni. Najua anafanya kwa moyo safi na watoto wanamsubiri, lakini viza ya utalii ni ya kutalii na kujitolea nako kunahesabika ni kazi hata kama hapokei senti tano. Vituo vingi huku kwetu Arusha na huko Moshi vinapokea wageni kwa viza ya utalii kama jambo la kawaida, wakija maafisa wa uhamiaji anayeulizwa kibali ni yule mgeni aliyesimama na filimbi mdomoni. Akikamatwa kwa hilo anaweza kurudishwa kwao na kupigwa PI, yani marufuku ya kuingia nchini, na hapo mnakuwa mmeifunga milango yote kwa mkono wenu, ndoa au bila ndoa. Kama anataka kuendelea na wale watoto, kituo kimwombee kibali kinachostahili, na gharama yake ijulikane mapema.

La Holili. Wapo wanaofanya na wapo wanaofanikiwa, sikatai. Ila kule Kenya siku hizi ataombwa ile eTA, kibali cha kusafiri cha mtandaoni, kabla ya kuvuka, imeanza tangu Januari 2024, halafu akirudi upande wetu ni afisa anayeamua kama anamwamini kuwa ni mtalii. Niliwahi kusimama foleni mpakani nyuma ya kijana mmoja wa kizungu, afisa akafungua pasipoti akaanza kupitisha kidole muhuri hadi muhuri, toka, ingia, toka, ingia, hakusema kitu muda mrefu, kisha akamuuliza kwa utulivu kabisa, wewe kwenu ni wapi? Kijana akaanza kueleza habari za mchumba wake na kila neno lilikuwa linamzamisha zaidi, maana kwenye fomu alikuwa ameandika anakuja kuona wanyama. Msiingize ndoa yenu kwenye mchezo huo.

Sasa ndoa yenyewe. Viza ya utalii haimzuii mtu kufunga ndoa Tanzania, wageni wangapi wanakuja kufungia Zanzibar na Ngorongoro. Mnaenda bomani kwa msajili wa wilaya mnatoa taarifa ya kusudio la kuoana, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa hiyo itolewe angalau siku 21 kabla. Wapo wanaoomba leseni maalumu kwa Msajili Mkuu ili wasisubiri, ila usiweke roho huko. Na kwa mgeni msajili atataka kuona karatasi ya kwao kwamba hana mke, na kama aliwahi kuoa basi hati ya talaka ya mahakama. Hapo ndipo wengi wanakwamia, mtu kaja na kaptula mbili na kamera, karatasi zote kaacha kwenye droo Ulaya.

Mkishafunga ndoa, cheti chenyewe hakimpi kuishi nchini. Hili ulishike vizuri kwa sababu hata wazee wetu hawalijui, wanafikiri akishakuwa mkwe basi amekuwa mtu wa hapa. Muhuri wa KIA unaendelea kuhesabu siku kama vile hakuna kilichotokea. Kinachompa kuishi ni pasi ya mtegemezi, anaombewa na wewe kama mke Mtanzania, ombi linawekwa onlaini kwenye mfumo wa Uhamiaji na unaambatanisha cheti cha ndoa, uthibitisho wa uraia wako, pasipoti yake, picha na barua yako ya maombi. Muiombe akiwa bado na siku za kutosha, sio zile siku mbili za mwisho mnakimbilia ofisi ya mkoa jasho linawatoka. Na pasi hiyo ni ya kuishi, kufanya kazi ni habari nyingine, atahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja la B kama kaajiriwa, au daraja la A kama anafungua biashara yake. Mume wangu alikaa kipindi kirefu nyumbani anapika na kupeleka watoto shule kwa sababu hiyo, na kwa mwanaume aliyezoea mshahara wake sio jambo dogo, mliongee.

Mimi maoni yangu, kama karatasi zake zipo au zinaweza kutumwa haraka, fungeni ndoa sasa. Mama yako hana makosa.

Kijana wa Kaloleni

Naongezea kwa Mama Njiro, shikamoo mama. Dada, mambo mawili ambayo watu wanayajua wakiwa wamechelewa.

Uraia. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inampa nafasi mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania, anaomba uraia kupitia mume. Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania kama shemeji hapati njia hiyo, atafuata njia ya kila mgeni, yani awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10, ajue Kiswahili au Kiingereza, na aachie uraia wake kwa sababu hatuna uraia pacha kwa watu wazima. Binafsi naona sio haki kabisa, mtoto wa kike ana uraia ule ule kama kaka yake, lakini ndiyo sheria ilivyo leo na mpange maisha yenu mkijua hivyo. Watoto mtakaozaa hapa watakuwa Watanzania kupitia wewe, na wanaweza kuwa na uraia wa baba yao pia mpaka wafike miaka 18.

Ardhi. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji. Kwa hiyo akianza kukupa hela mnunue kiwanja hapo Moshi, kitakuwa kwa jina lako, na yeye ajue hilo kabla hajatoa hela. Nimeona ndoa mbili tatu zikivunjika kwenye jambo hilo hilo tu, mzungu anadhani kaibiwa na mke anadhani hajaaminiwa.

Mchaga wa Leeds

Dada wa Pasua, mimi ni wa Kiborloni, naishi Leeds kwa viza ya mwenza, kwa hiyo nitakwambia ya huku kwa kirefu kidogo uvumilie.

Naanza na ndugu yangu wa Himo, kwa heshima zote kaka. Ya binamu yako ni ya Marekani. Kule mke wa raia aliyeingia kwa viza halali anaweza kuomba ukaazi akiwa ndani, ingawa hata kule ukigundulika uliingia ukiwa tayari umepanga kubaki umemdanganya afisa na hilo linaweza kukufungia maisha. Uingereza ni sheria tofauti kabisa. Mtu aliyeingia kwa viza ya kutembea hawezi kubadilisha kwenda viza ya mwenza akiwa ndani ya Uingereza, lazima atoke aombee kwao. Sio hivyo tu, mgeni wa kawaida haruhusiwi hata kufunga ndoa huku, kuna viza yake maalumu ya mgeni anayekuja kufunga ndoa, ya miezi sita, na mkishafunga unarudi Moshi na pete yako unaanza kuomba upya. Ukiandika kwenye fomu kwamba unaenda kutembea wiki tatu na kwenye begi wakakuta vyeti vyako vyote vya shule na gauni la harusi, watakurudisha, na wakisema umedanganya kwenye ombi unaweza kupigwa marufuku miaka 10. Kila ombi la baadaye, la huku na la nchi nyingine, utaulizwa umewahi kukataliwa viza, na lazima ujibu ndiyo.

Njia za halali za kuja kuishi ni kama tatu. Ya kwanza viza ya mchumba, miezi sita, unakuja mnafunga ndoa ndani ya muda huo, ila huruhusiwi kufanya kazi na baada ya ndoa unalipia tena upya viza ya mwenza, yani mnalipa mara mbili. Ya pili viza ya mwenza baada ya kufunga ndoa popote, unaombea Tanzania, ukipata unapewa miaka miwili na miezi tisa, unafanya kazi siku ya kwanza ukitaka. Ya tatu kwa ambao hawajaoana ila wana uhusiano wa kudumu wa miaka miwili, hawa zamani waliambiwa lazima muwe mmeishi nyumba moja, siku hizi inatosha mthibitishe kuwa uhusiano ni wa kweli, ila kuuthibitisha bila cheti ni kazi. Kwa hali yako mimi naona ya pili. Mfunge ndoa Moshi, kwa wazazi wako, na cheti cha serikali mkononi. Ndoa iliyo halali Tanzania huku inatambulika. Lakini mahari na sherehe ya nyumbani peke yake isitumike kama ndoa, hata kama ukoo mzima unakuita mke wa fulani, Home Office, yani wizara ya mambo ya ndani ya huku, wanataka cheti.

Sasa lile ambalo limenifanya niandike usiku huu badala ya kulala. ASIACHE KAZI. Tafadhali sana dada mshike mkono mwambie asiandike hiyo barua. Viza ya mwenza inamtaka yeye, sio wewe, aonyeshe kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, imekuwa hivyo tangu Aprili 2024. Njia rahisi kuliko zote ni awe na mwajiri mmoja kwa miezi sita na hati za mshahara za miezi hiyo zinazolingana na kilichoingia benki. Mshahara wako wewe wa Moshi hauhesabiki hapo hata kama ungekuwa mkubwa. Akiacha kazi akakaa na wewe hapo Pasua miezi nane kwa mapenzi, siku mtakayotaka kuja huku atakuwa hana kipato cha kuonyesha, itabidi atafute kazi, aingie, asubiri hati za mshahara zitimie, ndipo uombe. Njia mbadala ni akiba, na kama hana kipato kabisa inatakiwa pauni 88,500 zimekaa miezi sita bila kushuka, ni wangapi wanazo hizo? Hiyo likizo bila malipo yenyewe ina madhara, kwa sababu miezi aliyokaa bila mshahara inaweza kuharibu ile miezi sita, kwa hiyo akirudi ni kama anaanza kuhesabu upya.

Gharama pia zijue. Ada ya ombi ni karibu pauni 2,000, na ile tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa viza ya kwanza inakuja 3,105, zote unalipa mbele kabla hujajibiwa. Tozo ya afya wakikukataa wanarudisha, ada ya ombi hairudi. Ongeza kipimo cha kifua kikuu maana Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi zinazopimwa, na mtihani wa Kiingereza wa kuongea na kusikiliza kiwango cha A1, isipokuwa kama una digrii uliyosoma kwa Kiingereza. Huo mtihani usikutishe, ni maongezi tu ya kawaida, ila lazima ufanyie kituo kinachotambulika na Home Office, sio chuo chochote cha mtaani kitakachokupa cheti. Alama za vidole unaenda Dar. Majibu kawaida ndani ya wiki 12.

Na ushahidi wa uhusiano anza kukusanya leo. Tiketi zake za ndege, muhuri wa KIA, picha za siku ya posa na wazee wakiwepo, meseji za kila mwezi chache chache sio elfu tano, hela mlizotumiana. Afisa anayesoma hajui mnapendana, anajua kilichomo kwenye faili.

Kwa hiyo mimi natofautiana kidogo na Mama Njiro. Ningekuwa wewe ningemwacha arudi kazini ndani ya siku zake, akifika atoe taarifa ya ndoa kwenye ofisi ya usajili ya mtaani kwake. Inabandikwa siku 28 kisha anapewa cheti cha kutokuwa na pingamizi, na hicho lazima awe kule kimwili kukiomba, hakitumwi kwa simu. Halafu arudi kwa likizo yake ya malipo mfunge ndoa bila kukimbizwa na mtu.

Mama Njiro

Mchaga wa Leeds umeeleza vizuri sana, la cheti cha kutokuwa na pingamizi nakubali. Lakini usimtishe sana mdogo wetu na habari za Uingereza kama bado hawajaamua wanaishi wapi. Wakiamua kuishi Moshi hayo mambo ya pauni 29,000 hayawahusu. Ndio maana namuuliza swali ambalo hajalijibu, dada, mnataka kuishi wapi? Maana naona mnaongelea ndoa, viza, Holili, mpira, hilo halijasemwa.

Mchaga wa Leeds

Ni kweli dada Njiro. Na hata wakisema Moshi, kuacha kazi kabla hajapata pasi ya mtegemezi wala kibali cha kazi atakula nini? Awe na pa kurudi mpaka karatasi ya kwanza itoke.

Msafiri wa Himo

Nimewaelewa wakuu. Dada puuza niliyosema mwanzo kuhusu kubadilisha huko huko, sikujua Uingereza wako hivyo. Swali na mimi, kwa hiyo hawezi kabisa kwenda kutembea tu aone kwao na mchumba kabla ya ndoa?

Mchaga wa Leeds

Anaweza, na ni jambo zuri aone baridi ya Februari kabla hajaamua. Aombe viza ya kutembea na aseme ukweli wote, kwamba ana mchumba, anaenda kuona familia yake, atarudi tarehe fulani, na watafunga ndoa Tanzania. Kuwa na mchumba kule sio kosa, kosa ni kuficha. Ila afisa atataka kuona kinachomrudisha Moshi, barua ya ruhusa kazini, akaunti yenye mzunguko wa kawaida na sio hela iliyoingizwa jana yake kwa mkupuo, biashara kama ipo, watoto kama wapo. Wanakataa wengi kwa hapo. Na akipewa arudi tarehe ile ile aliyosema, hata kama viza ina miezi zaidi, kwa sababu safari hiyo nayo inaingia kwenye faili lake kama ushahidi.

Dada wa Pasua

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na nimemsomea na yeye nikimtafsiria. Kituoni leo hakwenda, aliwapigia akawaeleza, watoto wamelia kidogo ila wameelewa. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika kwenye simu bado kutuma, ameifuta mbele yangu.

Mama Njiro swali lako limetukalisha chini mpaka saa sita usiku. Ukweli ni kwamba yeye anataka Moshi na mimi nataka kule angalau miaka michache, nisome, na tuweke hela. Tumekubaliana tuanze na kule. Aliwahi kuoa na aliachika kisheria, hati anayo lakini iko kwao, kwa hiyo hata kwa hilo tu bomani tungekwama. Na kuna kitu sikusema mwanzo, nina mtoto wa kike wa darasa la kwanza, sio wake. Baba yake yupo Dar, hatoi matumizi ila huwa anapiga simu Krismasi. Naweza kwenda naye au inabidi abaki kwa bibi yake kwanza?

Mama yangu bado amenuna. Nimemwonyesha alichoandika Mchaga wa Leeds kuhusu ofisi ya usajili, kaniuliza kama huyo mtu ni wa Kiborloni kwa nani.

Mchaga wa Leeds

Mwambie mama shikamoo, ni wa karibu na soko la mitumba, atanijua tukikutana.

Mtoto anaweza kuomba pamoja na wewe kwa wakati mmoja, ana ada yake na tozo yake ya afya, ya watoto ni pauni 776 kwa mwaka. Kizuri ni kwamba kile kiwango cha 29,000 siku hizi hakipandi kwa ajili ya mtoto. Kigumu ni kwamba lazima uthibitishe kuwa wewe peke yako ndiye unayebeba jukumu lote la kumlea na kumwamulia. Baba kuwa hai na kupiga simu Krismasi hakukuharibii moja kwa moja, ila wataangalia nani analipa ada, nani kasaini shuleni, nani anampeleka hospitali, nani aliamua abatizwe wapi. Kusanya risiti za shule zenye jina lako, barua ya mwalimu mkuu inayosema wanawasiliana na nani, kadi ya kliniki. Bibi akimlea hata kwa muda iandikwe wazi kwamba ni kwa maelekezo yako na hela yako.

Mama Njiro

Na baba yake mtafute sasa wakati hakuna ugomvi, asaini barua ya ridhaa mbele ya wakili ikiambatana na nakala ya kitambulisho chake. Wakili wa kawaida tu anaiandaa, sio gharama kubwa. Usisubiri mpaka viza iko karibu kutoka, mwanaume akisikia mtoto anaenda Ulaya anakumbuka ghafla kuwa ni baba, nimeyaona hayo kwa jirani yangu Sakina, alishikilia saini mpaka mama akakosa mwaka mzima. Akikataa kabisa, nenda ustawi wa jamii, na mahakama inaweza kukupa amri ya malezi, na hiyo ina nguvu kuliko barua.

Kijana wa Kaloleni

Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe cha RITA, wale wanaosajili vizazi serikalini, sio lile tangazo la hospitali. Kama jina lako kwenye cheti cha mtoto linatofautiana hata herufi moja na la pasipoti yako, lisahihishwe sasa kabla hamjajaza fomu yoyote, au uapie kiapo cha majina kwa wakili. Angalia na jina lililoko kwenye kitambulisho chako cha taifa cha NIDA.

Dada wa Pasua

Kwenye cheti cha mtoto mimi ni "Eliza" na pasipoti ni "Elizabeth". Jumatatu asubuhi naenda RITA. Shemeji yenu ndege yake ni kabla ya siku zake kuisha, tumeshabadilisha tiketi, na ofisi ya usajili ya mtaani kwao amewaandikia jana kuomba miadi, wamemjibu aje na pasipoti na ile hati ya talaka.